Mtoto Hashuki Bila Kupokelewa

Chiriku alikuwa kimya. Kwa mtoto mwingine hilo lisingekuwa neno, lakini huyu hakupewa jina la ndege mpiga kelele bure. Aliongea mswaki ukiwa mdomoni, aliongea usingizini, na tangu walipotoka nyumbani asubuhi alikuwa ameshauliza bahari imezuiwa na nini isimwagike, nani anaifagia, na samaki wakilala wanajifunika nini. Sasa magofu waliyokwenda kuyatembelea yalikuwa nyuma yao, barabara ya pwani imenyooka mbele, maji yanametameta upande wa kulia, na mtoto hajauliza kitu.

"Amechoka," alisema mama yake, fundi cherehani, bila kugeuka. "Kakimbia juani kutwa nzima."

"Mtoto aliyechoka analala," alijibu Bibi kutoka kiti cha nyuma. "Huyu macho kodo."

Bibi alikuwa mama mzazi wa dereva. Miaka yote ya kazi yake aliimaliza katika kituo cha kulelea watoto wadogo, akiwafuta makamasi watoto wa watu, na uzeeni alibaki na ulimi usiolala. Safari hii aliilalamikia toka mwanzo mpaka mwisho. Walipofika magofuni alisimama katikati ya kuta zilizobomoka, mkono kiunoni, akasema, "Mmenileta mbali kote huku kunionyesha nyumba zisizo na paa? Ya kwangu inavuja, mbona hamji kuitembelea?" Chiriku alicheka mpaka akakaa chini.

Dereva mwenyewe, baba yake Chiriku, alikuwa dereva wa basi la shule, na kazi ile ilikuwa imemwingia mifupani. Alikuwa na sheria mbili ambazo hata mwalimu mkuu asingeweza kumwachisha. Ya kwanza, haondoi gari kabla ya kuuliza kwa sauti kubwa, "Nani bado?" Ya pili, mtoto hashuki mpaka mtu mzima wa kwao aje amshike mkono; kama hakuna wa kumpokea, mtoto anabaki garini hata iwe vipi. Wanafunzi walimbatiza Nani Bado, na jina likamganda. Hata wakitoka harusini na mkewe, wawili tu, lazima aulize. Mkewe alishachoka kumcheka.

Ndivyo ilivyokuwa magofuni. Familia yote ilikuwa imeshapanda na Chiriku ameshafungwa mkanda. Nani Bado alisimama nje ya gari, akayageukia mawe yale matupu, na mdomo wake ukafanya kazi uliyoizoea.

"Nani bado?"

Nyuma ya ukuta, upande wa kisima cha kale, sauti ya mtoto ikaitika, "Mimi bado!"

"Haya, panda upesi, tunakuacha!"

Akafungua mlango wa nyuma. Akasubiri kidogo, kama anavyosubiri kila siku. Akaufunga. Alipoushika usukani ndipo akili yake ikamfikia, imechelewa, inahema. Alitazama huku na huku: hapakuwa na gari jingine, wala watalii, wala mlinzi. Akajiambia kwamba ni mwangwi. Mwangwi gani unaojibu badala ya kurudia, hilo hakutaka kujiuliza, na hakumwambia mtu. Mwanamume akishaona aibu ya kuonekana mjinga, yuko tayari kubeba hata nyoka mfukoni.

Barabarani, harufu ndiyo iliyotangulia. Bibi aliisikia kabla ya wenzake, harufu ya maji yaliyokaa shimoni muda mrefu, chokaa mbichi na mwani uliooza.

"Nani kavua viatu humu?"

"Hakuna aliyevua, Mama," alisema mkwe wake.

"Basi kuna kilichokufa. Fungueni dirisha."

Nani Bado alibonyeza kitufe cha dirisha. Halikushuka. Gari lilikuwa la shemeji yake, la kuazima, kwa hiyo alimlaumu shemeji.

Bibi alitaka kuweka mkoba wake katikati ya kiti, kati yake na mjukuu. Mkoba ukateleza ukaanguka miguuni. Akauokota, akauweka tena, ukasukumwa. Safari hii alikiona kiti kwa macho yake: kitambaa kilikuwa kimebonyea, kinalowa taratibu, na mchanga wa rangi ya majivu umekaa pale penye ubonyeo. Chiriku alikuwa amebanwa mlangoni, bega limepanda mpaka sikioni, kama wanavyobanana watoto kwenye kiti kimoja. Nafasi ilikuwapo tele, lakini alibanwa.

"Tazameni, magofu mengine," alisema mama Chiriku akinyoosha kidole kushoto. "Yanafanana na yale."

Hayakuwa mengine. Ukuta ulikuwa ule ule wenye tundu la mlango usio na mlango, na nyuma yake kilionekana kisima. Nani Bado alikaza mwendo. Hakukata kona popote, bahari haikuondoka kulia, na barabara haikupinda hata kidogo, lakini baada ya muda ukuta ule ulikuja tena upande wa kushoto, umetulia, unawangoja. Jua lilikuwa limening'inia pale pale angani. Vivuli havikurefuka. Mshale wa mafuta tu ndio uliokuwa unashuka.

"Baba Chiriku," mkewe alinong'ona, "tumepita hapa."

"Naona."

"Basi geuza."

Akageuza. Sasa bahari ilipaswa kuwa kushoto. Ikabaki kulia, na magofu yakaja tena.

Hapo ndipo mama mtu alipogeuka kumtazama mwanawe, na cherehani zote za dunia zisingeweza kuushona moyo wake ulivyochanika. Midomo ya Chiriku ilikuwa imepauka. Kifua kilipanda nusu kikashuka. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufungika, anaongea, anasema maneno mengi kama kawaida yake, ila hapakuwa na sauti. Sauti yake ilitoka pembeni, katikati ya kiti, mahali pasipo na mtu, ikiimba wimbo usio na maneno.

"Simamisha! Mwanangu hapumui! Simamisha gari!"

Gari lilikuwa limeshasimama lenyewe, mbele ya ukuta. Mama Chiriku aliuvuta mlango, akaupiga kwa bega, akapiga kioo kwa kiatu mpaka kisigino kikang'oka. Kioo hakikupata hata mkwaruzo. Nani Bado naye alisukuma wa kwake kwa miguu yote miwili. Wakatazamana, wanahema, na alipoyaona macho ya mkewe akajua kwamba siri haibebeki tena.

"Nilimwambia apande," alisema.

"Ulimwambia nani?"

"Sijui. Niliuliza nani bado, akaitika. Nikamfungulia mlango."

Mkewe aliinua mkono wenye kiatu. Alitaka kumpiga, na ukweli ni kwamba angempiga, lakini mtoto alikoroma, na wote wawili wakageuka nyuma.

Bibi alikuwa amenyoosha mkono polepole kuelekea katikati ya kiti. Vidole vyake vikasimama hewani, vikapapasa kitu, vikashuka, vikakizunguka. Alifumba macho. Jasho lilimtiririka, lakini mkono hakuutoa.

"Ni goti," alisema kwa sauti ndogo. "Goti la mtoto. Lina kidonda."

"Mama, toa mkono! Hilo ni jini!"

"Mambo ya majini mimi siyajui, nawajua watoto. Huyu anatetemeka. Ameogopa kuliko wewe, na wewe umeogopa haswa."

Nani Bado aligeuka kitini mzima mzima. Alikuwa hajawahi kuongea na kitu asichokiona, kwa hiyo alitumia sauti pekee aliyokuwa nayo, ile ya kazini. "Umefika," alisema. "Hapa ndipo kwenu. Shuka."

Mdomo wa Chiriku ukafunguka. Yaliyotoka hayakuwa yake.

"Nani ananipokea?"

Dereva alielewa papo hapo. Alikuwa amekipandisha kitu kile kwa neno la kazi yake, na sasa kilikuwa kinamshika kwa sheria ya kazi yake. Asingeweza kumshusha mtoto bila mpokeaji. Hakuwahi, na mlango ulijua kwamba hakuwahi. Akakiweka kichwa karibu na kioo, akaita kwa nguvu zote, "Mzazi wa mtoto huyu! Njoo umpokee mwanao!" Akaita tena. Mawe yalinyamaza, kisima kikanyamaza, nyasi zilizoota ndani ya vyumba vile hazikutikisika, na kadiri alivyoita bila kujibiwa ndivyo kile kilichokaa katikati kilivyoanza kulia, kwanza kwikwi, kisha kilio cha mtoto aliyeachwa mlangoni jioni wenzake wote wameshachukuliwa, na kila kilipovuta pumzi ili kilie zaidi, pumzi hiyo ilitoka kifuani mwa Chiriku, kikavuta, na kikavuta tena, mpaka mbavu za mtoto zikahesabika juu ya nguo, macho yake yakapinduka, na mama yake aliyekuwa amejipenyeza kati ya viti viwili akimshika mashavu akahisi ngozi inapoa chini ya vidole vyake kama sufuria iliyoepuliwa.

"Mimi nampokea!" alipiga kelele. "Mimi! Nifungulieni, nashuka naye!"

Kitasa cha mlango wake kikalia, tayari kufunguka.

Mkono wa Bibi ukamshika kifundo cha mkono. "Wewe tulia. Unaye wa kwako."

"Mama..."

"Nimesema tulia. Au unataka nikulelee mume?"

Bibi aliugeukia mlango wa upande wake na kuushika. Ukafunguka kwa urahisi, kama mlango wowote. Akateremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili, akilalamika magoti, akimlalamikia shemeji aliyenunua gari fupi namna ile. Alipokuwa amesimama wima alijiweka sawa nguo, akainama kidogo, akaifungua mikono.

"Njoo, baba. Njoo kwa Bibi. Nani kakuacha peke yako mpaka saa hizi?"

Kilio kikakatika.

Ubonyeo wa kitini ukainuka. Nguo ya Bibi ikalowa ubavuni, kuanzia nyongani kushuka chini, na mwili wake ukapinda kidogo kuupokea uzito. Uso wake ulitetemeka mara moja tu. Kisha akaurudisha kama alivyokuwa akiurudisha kituoni mbele ya mtoto mwenye kidonda kibaya, ili mtoto asijue kwamba kidonda ni kibaya.

"Mama, muweke chini urudi," alisema Nani Bado. Alikuwa analia waziwazi. "Umeshampokea. Muweke, urudi."

"Umemkabidhi, kazi yako imekwisha. Peleka mwanao akapumue." Akasukuma mlango kwa nyonga, maana mikono ilikuwa imejaa. "Wewe nawe," alimwambia aliyembeba, "miguu gani hii? Twende tukanawe."

Mlango ulipofungwa, Chiriku alivuta pumzi ndefu yenye mlio, akalia kwa sauti yake mwenyewe, "Bibi! Bibi anaenda wapi?"

Na hapa watu hupenda kusema kwamba gari liliondoka lenyewe. Halikuondoka lenyewe. Nani Bado alikanyaga mafuta kwa mguu wake, kwa sababu binti yake alikuwa anapumua na hakujua angepumua mpaka lini. Alijiambia atawafikisha watu wake mahali pa usalama, arudi saa ile ile. Barabara ikafunguka, jua likaanza kuzama kama lilivyopaswa, wakakuta maduka na watu na mbwa wakibweka. Chiriku hakunyamaza njia nzima. Aliuliza swali moja tu, tena na tena.

Nani Bado alirudi, tena si peke yake. Polisi walikuja, majirani, vijana wa kamba walioshuka kisimani na kupanda wamejaa tope. Walipekua kila chumba kisicho na paa. Walitembea ufukweni hadi wakachoka. Hawakupata hata kiatu. Ofisa aliandika kwamba mzee alipotea njia, akampa mwanawe pole, na mmoja mmoja wakaanza kurudi kwenye magari yao.

Nani Bado alibaki nyuma. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, kofia mkononi, alipoisikia harufu ile, na ndani yake sauti aliyoijua kabla hajajua jina lake mwenyewe. Ilikuwa inatoka upande wa pili wa mawe, chini chini, ikibembeleza. Ilikuwa imechoka kuliko sauti yoyote aliyowahi kuisikia. Alizunguka ukuta mbio. Hapakuwa na mtu, ila majani na chokaa, na sauti ikawa sasa upande alikotoka.

Akaliegemeza paji la uso kwenye jiwe.

"Mama," alinong'ona, "nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Kubembeleza kukasita. Kisha Bibi akamjibu, taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala mikononi mwake.

"Na huyu nimwachie nani?"