Kamera Yenye Waranti

"Leo unachukua, au umekuja kunywa chai yangu tena?"

"Vyote," nikamjibu Jabiri, nikavuta kiti changu. Ndiyo, changu! Wiki nzima nilikuwa nakalia kiti hichohicho dukani kwake, hapa Kibaha, najifanya nachagua kamera.

Kamera zenyewe mbili tu. Moja imetumika, inauzwa kama ilivyo, bei chee, ukishatoka nayo mlangoni hamjuani. Ya pili refabishi. Nayo imetumika, lakini imefunguliwa, ikasafishwa, ikawekwa shata mpya, kile kipazia cha ndani kinachofunguka ukipiga picha, na ina waranti ya miezi sita. Mtu mwenye akili zake angechagua akaondoka. Mimi nilikuwa sitaki kumaliza. Tangu nilipoachika, kule chumbani kwangu Kongowe naongea na redio. Jabiri alikuwa ananiuliza nimekula nini.

Na jioni lazima apige simu.

"Firdausi, umefunga mlango vizuri?"

"Nimefunga. Na wewe huko nani anakufungia?"

"Sina mtu, mama. Niko na mbu wangu tu."

Nikikata simu nabaki nacheka na ukuta kama mwehu. Nilishampenda, nisiwafiche.

Siku hiyo lakini nilikuwa na haraka.

"Jumamosi nina kazi," nikamwambia. "Harusi, Chole ya Kisarawe. Bi Hajra anamwoza binti yake. Hawataki mwanamume aingie na kamera kwa wanawake, ndiyo wakanitafuta mimi."

Jabiri akachukua kitambaa, akaanza kufuta lenzi aliyoifuta sasa hivi.

"Chole mbali, Firda. Mwachie mwingine."

"Nimwachie mwingine riziki yangu? Una wazimu?"

Akaweka lenzi mezani. Kisha akasema, "Basi chukua hii iliyotumika. Inakutosha."

"Si wewe uliyeniambia refabishi ndiyo kamera?"

"Nimebadili mawazo. Hii haina waranti, haina mambo ya kurudirudi. Tunamalizana leoleo."

Nikadhani anauonea huruma mfuko wangu. Maskini mimi! Nikabeba refabishi. Shata mpya ilikuwa nzuri, sawa, lakini ile miezi sita ya kurudi pale ndiyo niliyoilipia.

Jumamosi nikafika Chole mapema. Wanawake wanaimba, udi unafuka, bibi harusi kafunikwa kanga mpya, kainamisha macho. Wanaume wametoka msikitini, ndoa imeshafungwa. Imebaki bwana harusi kuingia ndani kumpa mkono mkewe. Sisi wapiga picha wa upande wa wanawake, bwana harusi tunamwona hapo kwa mara ya kwanza. Majina hata hatuulizi.

"Anaingia! Anaingia!"

Nikaweka jicho kwenye kamera. Kanzu nyeupe, joho, kofia. Nikazungusha lenzi uso ukae sawa.

Jabiri.

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

"Wewe mpiga picha, mbona umeganda?" Bi Hajra akanifokea. "Piga!"

"Napiga, mama."

Jabiri naye aliniona. Mkono wake ukakwama njiani, haujamfikia mkewe wala haujarudi. Chumba kizima kikawa kinamtazama. Yule binti kafumba macho anausubiri, hana kosa lolote masikini.

"Bwana harusi," nikasema, na sauti sijui niliitoa wapi. "Msogelee mkeo. Sogea tena. Haya, mpe mkono. Tabasamu."

Akatabasamu. Nikapiga, na zikatoka nzuri kuliko picha zote nilizowahi kupiga. Vigelegele vikalia mpaka bati likaitika, nami nikapiga mpaka sahani ya mwisho ya pilau.

Jioni nikiwa njiani, meseji ikaingia:

"Firda nisamehe. Nilitaka kukwambia nikashindwa. Kamera ikisumbua ilete, waranti ipo."

Nikamjibu: "Picha zenu nampelekea mama mkwe wako. Kamera iko nzima."

Nikafuta namba. Nyumbani nikawasha redio, nikaiongezea sauti, nikalia.

Miezi miwili haijaisha, shata ikagoma. Nikaiweka kamera kwenye mkoba, nikapita mbele ya duka la Jabiri bila kugeuza shingo, nikaenda zangu mpaka Mlandizi kwa fundi mmoja mtu mzima, Mzee Zahoro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaifungua, akaigeuza, akaona kibandiko chini yake. "Mbona hii ina waranti bado? Irudishe ulikoinunua, watakutengenezea bure."

"Wewe tengeneza tu, mzee."

"Ulipe wakati bure ipo?"

"Nitalipa."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akachukua bisibisi. Kwa mguu akanisogezea kiti.

"Haya, kaa basi. Kazi yenyewe itachukua muda."

"Nitasimama tu, mzee," nikamwambia. "Viti vya maduka ya kamera vimeshanikomesha."