Adventina Akabidhi Kipimo cha Mvua

Kila siku ya shule mwanangu Adventina alitoka nyumbani kwetu Kitaji mapema, ufagio mkononi. Saa tatu kamili alikimbia nyuma ya ofisi ya walimu, kwenye kipimo cha mvua. Ilikuwa chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa shingo, rula imebandikwa ubavuni. Alitazama maji yamefika wapi, akaandika kwenye daftari, kisha akayamwaga yote.

Kazi hiyo alifundishwa na Mwalimu Baltazari tangu darasa la nne. Jioni, nikiwa napara samaki, alinieleza mpaka nami nikaijua. "Mama, usipomwaga, mvua ya jana inahesabiwa na leo."

Mwalimu alimwita "mtaalamu wangu". Nami, nisifiche, nilikuwa nikimwambia kwamba shule nzima hakuna mtoto mwingine anayeiweza kazi ile. Maneno hayo nayajutia.

Alipofika darasa la sita alichaguliwa kuwa kiranja wa maktaba. Aliitaka mwenyewe kazi hiyo, hakuna aliyemlazimisha. Ila pale shuleni mtoto mmoja hashiki kazi mbili, kwa hiyo mwalimu akamwambia amfundishe Robi, msichana aliyehamia kutoka Nyamuswa kuishi na shangazi yake, Nyangi. Nikampa mwanangu kuku ampelekee mwalimu. Adventina akasimama mbele ya darasa, akamshukuru kwa kumfundisha kazi bila kuchoka naye. Wenzake wakapiga makofi.

Siku hiyo hiyo mchana alianza kumfundisha Robi. Alimwonyesha namna ya kusimamisha chupa na kusoma rula. Hapo Mwalimu Baltazari akapita, akacheka, akamwambia Robi, "Haya, mtaalamu wangu, usiniangushe."

Adventina akayasikia maneno hayo. Jina lake limepewa mtu mwingine naye bado yuko pale pale. Akafunga daftari, akamkabidhi Robi, akamwambia wamemaliza. Habari ya kumwaga maji hakuitaja. Akajisemea kwamba Robi akitaka kujua, atauliza.

Jumatatu ikanyesha. Robi akaandika milimita kumi na mbili. Jumanne mvua ilikuwa kidogo, yeye akaandika ishirini. Jumatano jua lilichoma tangu asubuhi mpaka jioni, na Alhamisi saa tatu daftari likasema kumi na tisa.

Darasani hapakukalika. Eliasi ndiye aliyeanza. "Huyu amekuja na mvua yake toka Nyamuswa. Inamnyeshea peke yake." Wakamwita Mleta Mvua. Akipita, wengine wanaweka madaftari kichwani kama wanajikinga. Adventina naye alicheka pamoja nao, na dirishani kwa maktaba alimtazama Robi akirudi kwenye chupa kusoma tena na tena.

Mwalimu Baltazari alikuwa Butiama kwenye semina. Alirudi Alhamisi mchana, akalifungua daftari. Ijumaa lilitakiwa kwenda Bunda, ambako shule kadhaa zingelinganisha mvua zao. Akamwambia Robi kwamba anaonekana kuandika namba za kubuni. Kesho asubuhi aseme ukweli au aiache kazi. Robi akaapa kwamba aliandika alichokiona. Hakuna aliyemsadiki.

Jioni, pale Nyakato tunapouza samaki, Nyangi alinisimulia yote hayo. Alisema mtoto amekataa kula, anataka kurudishwa kwao. Nikatambua kwamba maji yalikuwa hayamwagwi. Nikafunga meza yangu mapema, nikaenda nyumbani.

Nilimkuta Adventina anaosha vyombo.

"Ulimwambia Robi amwage maji?"

Hakugeuka. "Hakuniuliza."

"Sijakuuliza kama aliuliza."

Sufuria ikamponyoka. "Mtaalamu nilikuwaga mimi, mama. Sasa anamwita yeye."

Niliogopa kuliko siku alipougua malaria. Ugonjwa unaonekana, unampeleka mtoto hospitali. Wivu ulikuwa umekaa ndani kwangu wiki nzima, unakula ugali wangu, nami sijui. Nikamwambia kesho tunakwenda wote wawili, na atakayesema ni yeye.

Asubuhi nilisimama mlangoni kwa ofisi. Robi alikuwa tayari ndani, macho yamevimba. Adventina akasema yote, mpaka lile la kucheka na wenzake. Mwalimu akamsogezea daftari na kalamu nyekundu.

Akaandika chini ya namba zile: "Siku hizi zimeharibika. Robi hakufundishwa kumwaga maji. Ni mimi Adventina Wanzagi ambaye sikumfundisha."

Robi akasogea kusoma. "Kwa hiyo mimi nilisoma sawa?"

"Ulisoma sawa," Adventina akamjibu. "Nisamehe. Twende nikuonyeshe."

"Na Eliasi utamwambia?"

"Nitawaambia wote, darasani."

Kabla hawajatoka, mwalimu akamwita. Hakupandisha sauti.

"Adventina, siku ile ulinishukuru vizuri mbele ya watu. Lakini nilipokufundisha sikubakiza kitu ili wewe uendelee kunihitaji. Shukrani niliyoitaka ni umfundishe mwenzako vile vile. Umekwenda maktaba, na mimi bado ni mwalimu wako. Robi hajakunyang'anya chochote."

Adventina akainamisha kichwa. "Nimeelewa, mwalimu."

Wakatoka pamoja mpaka kwenye chupa. Nikamwona mwanangu akiinyanyua, akampa Robi aimwage mwenyewe, na maji yale ya tangu Jumatatu yakaingia ardhini.

Nanyi mnaosoma, mkipewa kazi mpya, ile ya zamani mkabidhini mwenzenu yote, hata kile kidogo mnachodhani hakuna atakayekigundua. Daftari lile lilikwenda Bunda siku hiyo hiyo, na kila aliyelifungua alisoma jina la mwanangu kwa wino mwekundu.