Huyu Si Sota

Namkunda anaishi juu milimani, Upareni, ambako ukungu wa asubuhi huingia mpaka jikoni.

Nyuma ya nyumba yao kuna bustani. Namkunda na Mama wamepanda miche ya kabichi. Namkunda ndiye anayeimwagilia kwa kikombe, mche mmoja mmoja.

Asubuhi moja alitoka na kikombe chake. Akasimama.

Mche mmoja ulikuwa umelala chini. Na ule wa pili umelala. Na ule wa kule. Yote mitatu imekatwa shingoni, kama kwa wembe.

"Mama," akaita, "nani amekata miche yangu?"

"Ni sota," Mama akasema. "Ni kiwavi. Mchana anajificha kwenye udongo. Usiku anatoka, anakata miche."

Namkunda akakunja uso.

"Si haki," akasema.

Mama akaleta jembe dogo. Kaka Senzia akaleta kopo. Wakafukua udongo taratibu. Fuku, fuku, fuku.

Sota akaonekana. Kaka Senzia akamtupa koponi. Ting.

"Leo kuku watafurahi," Kaka akasema.

Fuku, fuku, fuku. Akaonekana mdudu mwingine. Naye akatupwa koponi. Ting.

Lakini huyu hakutulia. Huyu alikimbia. Kwaru kwaru kwaru, akazunguka ndani ya kopo.

Namkunda akachungulia. "Kaka, huyu si sota."

"Ametoka kwenye udongo. Hana mabawa. Ni sota."

"Hujamtazama."

"Nimemwona."

"Umemwona tu," Namkunda akasema. "Hujamtazama. Mtazame kwanza. Mtazame vizuri."

Kaka Senzia akacheka. Akaendelea kufukua.

Masikio ya Namkunda yakapata moto.

"Si haki," akasema. Akachukua kopo, akaenda nalo nyuma ya jiko.

Akatafuta sahani nyeupe ya bati. Akawaweka wadudu wawili juu yake, mmoja huku, mmoja kule. Akalala kifudifudi, akatazama.

Sota ni mnene. Ni laini. Ana rangi ya udongo. Tumboni, kwa nyuma, ana vijiguu vifupi vinene.

Namkunda akamgusa sota kwa jani. Sota akajikunja kama pete. Akatulia.

Akamtazama yule mwingine.

Yule mwingine ni mrefu na mwembamba. Ni mweusi, anang'aa. Mgongo wake una vipande vipande, kama mabati yaliyopangwa.

Miguu yake je? Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Yote iko mbele, karibu na kichwa. Tumboni kwa nyuma hakuna hata mmoja.

Mkia wake je? Ana vijimkia viwili, vimeachana kama uma.

Namkunda akamgusa kwa jani. Hakujikunja hata kidogo. Kwaru kwaru kwaru, akakimbia mpaka ukingoni.

Kichwani ana taya mbili. Zimepinda kama mundu, zinatazama mbele. Namkunda akataka kujua kama ni kali. Akaweka kidole.

Nyaku.

Zilikuwa kali.

Namkunda akapuliza kidole. Akamkazia macho yule mdudu. "Mimi nakutetea," akasema, "halafu wewe unaniuma. Si haki."

Yule mdudu akazunguka sahani, kwaru kwaru kwaru.

Namkunda akabeba sahani kwa mikono miwili mpaka bustanini.

"Mtazameni kwanza," akasema. "Mtazameni vizuri. Sota ana vijiguu tumboni, huyu hana. Sota anajikunja, huyu anakimbia. Sota hana vijimkia, huyu anavyo viwili. Na huyu anauma. Tazameni kidole changu."

Mama akatazama kidole. Kaka Senzia akatazama sahani.

"Labda ni sota wa aina nyingine," Kaka akasema. "Lete, nikampe kuku."

Namkunda akaikumbatia sahani. "Hapewi kuku."

"Namkunda."

"Hapewi."

Hapo hapo, juu ya sahani, yule mdudu mweusi akamsogelea sota. Akasimama. Akafungua zile taya zake mbili.

Nyaku.

Wote watatu wakainama. Wakatazama. Wakatazama vizuri.

"Anamla sota," Kaka Senzia akasema polepole.

Mama akachuchumaa. Akasogeza uso karibu kabisa na sahani.

"Sasa nimemjua," akasema. "Huyu ni buu wa mbawakawa. Ni mtoto wa wale mbawakawa weusi wanaokimbia chini ya mawe. Akiwa mdogo yuko hivi. Akiwa mkubwa anaota gamba gumu mgongoni. Mkubwa na mdogo, wote wanakula sota. Na sisi tulitaka kumpa kuku."

"Mimi sikutaka," Namkunda akasema.

"Kweli, mwanangu. Wewe hukutaka."

Wakamweka yule buu chini ya mche wa kabichi uliobaki. Kwaru kwaru kwaru, akaingia kwenye udongo.

Wakaendelea kufukua. Fuku, fuku, fuku. Lakini sasa, kila walipopata mdudu, Kaka Senzia alimleta kwa Namkunda kwanza.

"Anajikunja?" Namkunda akauliza.

"Anajikunja."

"Ana vijiguu tumboni?"

"Anavyo."

"Huyo ni sota."

Ting.

"Anakimbia? Ana vijimkia viwili?"

"Anakimbia. Anavyo."

"Huyo mrudishe kwake."

Jioni walikula makande. Namkunda alikula. Mama alikula. Kaka Senzia alishika kijiko tu.

"Mbona huli?" Mama akauliza.

"Nawafikiria wale wadudu wa jana," Kaka akasema. "Jana nilifukua kule kwenye nyanya. Nilipata wengi. Wengine walikuwa wanakimbia. Niliwapa kuku wote."

Namkunda akaweka kijiko chini. Masikio yake yakapata moto tena.

"Wote?"

"Wote. Sikuwatazama. Nisamehe, mdogo wangu."

"Usiniombe mimi msamaha," Namkunda akasema. "Mimi sikuliwa."

Kaka Senzia akamtazama Mama. Mama akatazama makande yake.

Kaka akainuka. Akavaa ndala. Pata, pata, pata, akatoka nje.

Namkunda akanawa miguu. Akapanda kitandani. Akajifunika blanketi mpaka kidevuni, akatega sikio dirishani.

Bustanini, Kaka Senzia alikuwa amechuchumaa kati ya nyanya.

"Jamani," akauambia udongo kwa sauti ndogo, "nisameheni. Sikuwajua. Kuanzia kesho nitawatazama."

Akakaa kidogo. Akaongeza, "Vizuri."

Namkunda akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema.

Akafumba macho, akalala.