Karatasi Kubwa kama Meza

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, mwaka wa 1954, nilitandika kitanda changu, nikajikagua mwenyewe kama kiranja, kisha nikajipa pongezi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kunipongeza. Shule yetu ya bweni, iliyokuwa mlimani juu ya mji wa Nakuru, ilikuwa imebaki na wanafunzi wawili tu. Mimi, Hiram, nilikosa pasi ya kusafiri hadi kwetu Dundori, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari na sisi Wakikuyu hatukuruhusiwa kutembea ovyo. Kiptanui wa Kabarnet alizuiwa na mvua iliyobomoa barabara.

Ungedhani wavulana wawili katika shule tupu wangekuwa marafiki. La. Kabla ya shule kufungwa nilimtilia Kiptanui chura kiatuni, naye akamkanyaga mbele ya bweni zima. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Tulikula maharagwe kwenye ncha mbili za meza ndefu, na mlio wa vijiko ndio uliokuwa mazungumzo yetu.

Aliyenihurumia ni Mwalimu Micah, aliyetufundisha kuchora. Alizijua picha zangu za rangi za maji, kila moja ndogo kama bahasha. Siku moja alinipa karatasi mbili kubwa kama meza.

"Ukuta wa bwalo ni mtupu," akasema. "Nichoree ziwa na anga lake kabla wenzako hawajarudi. Sina karatasi nyingine."

Kichwa kikanivimba. Wenzangu walinijua kwa mizaha tu. Sasa wangekula wakiitazama kazi yangu.

Nilichora kama nilivyozoea, kwa brashi nyembamba. Kabla sijafika katikati ya anga, mwanzo wake ulikuwa umeshakauka. Niliuinua kwa vitabu ubao nilioilazia karatasi ili rangi iteremke. Ubao ukateleza, rangi ikakimbilia upande mmoja, na anga langu likawa na mistari kama punda milia. Nikaketi sakafuni. Ningeweza kulia kwa sauti yoyote niliyotaka. Hapakuwa na wa kunisikia.

Mwalimu Micah alipokuja aliigusa mistari ile kwa kidole.

"Anga pana hupakwa mara moja, karatasi ikiwa bado majimaji. Mmoja hupaka kwa brashi pana, mwingine huinamisha ubao. Tafuta mwenzako."

"Mwenzangu yupi, Mwalimu?"

"Shule ina wanafunzi wawili. Hesabu hiyo hata wewe unaiweza."

Nilimkuta Kiptanui bombani akifua. Hotuba niliyoiandaa iliniponyoka yote.

"Kiptanui, naomba unishikie ubao."

Akaendelea kusugua kola. "Una vyura wangapi huko?"

"Hakuna. Nilikukosea, ukachekwa na bweni zima. Samahani."

"Unasema hivyo kwa sababu una shida."

"Ni kweli nina shida. Na ni kweli nilikukosea."

Akalikamua shati, akalianika polepole mno, makusudi. "Haya, twende. Ukinimwagia rangi, nitakutumbukiza kwenye ndoo."

Tuliilowesha karatasi iliyobaki, tukazibandika kingo zake ubaoni. Nikapaka kwa brashi pana.

"Inua kushoto! Kushoto!"

"Usinipigie kelele, mimi si ng'ombe wako."

Akauinamisha ubao taratibu. Buluu ikashuka sawasawa, ikififia hadi kukutana na waridi niliyoipaka chini, pale ambapo ningewachora heroe, ndege wa ziwani, wakitanda ufukweni. Ubao ulikuwa mzito, lakini hakuuteremsha mpaka rangi ilipotulia.

Mwalimu Micah alipokuja alisimama mlangoni. "Nani amechora anga hili?"

"Mimi" ni neno fupi na tamu, nami nilikuwa nalo tayari ulimini. Nikalimeza.

"Mimi nimepaka, Mwalimu. Kiptanui ndiye aliyelinyoosha."

"Basi andikeni majina mawili. Na wewe Hiram, sikiliza. Mzaha wako ulikupa kicheko cha bweni zima, ukakunyang'anya mtu mmoja. Mtu mmoja si kitu kidogo. Ukimkosea mwenzako, mwombe radhi mapema. Usingoje hadi uihitaji mikono yake."

Kiptanui akachukua brashi, akaandika jina lake kwanza, kwa herufi kubwa mara mbili ya zile nilizoliandikia langu baadaye. Sikulalamika.