Mijusi wa Ghala la Rehani

Asubuhi aliyofika yule mtafiti wa mijusi, Zakia alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga makopa ya muhogo. Zakia huyu ni wifi wa dada yangu, na haya ninayoyasimulia ndiyo aliyoyasema mwenyewe siku alipopata nguvu ya kuyasema. Alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia na Rehani, mkulima wa korosho katika kitongoji kimoja mbele ya Nyangamara. Rehani alikuwa mtu wa watu. Hakuwa na sauti ya juu, hakukosa msikitini, na mtu akifiwa yeye ndiye wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Mke wake wa kwanza, Fauzia, alikuwa amemkimbia. Alifuatana na dereva wa lori la korosho mpaka Mtwara, ndivyo Rehani alivyosema, na kijiji kizima kikampa pole.

Mtafiti aliitwa Ambrosi, Mmatumbi wa Kipatimu, mnene kidogo na mcheshi. Mwenyekiti wa kitongoji alimleta kwa Rehani kwa kuwa ndiye aliyekuwa na chumba cha nje. Kazi yake iliwachekesha wote. Alikuwa anatafuta mjusi. Si mjusi yeyote tu, bali mmoja mdogo kama kidole cha mtoto, wa rangi ya majivu, mwenye koo la njano, ambaye hutembea mchana kweupe. Wataalamu walikuwa wamemwona mara chache katika misitu ya Lindi na Kilwa, na hawakujua yupo wapi na wapi hayupo, wala anapenda kukaa kwenye nini. Ambrosi alitembea na ufito mrefu wenye kitanzi cha uzi kwenye ncha. Akimwona mjusi kwenye gome la mti, humvika kitanzi shingoni polepole, humvuta, humpima kwa rula, humpiga picha, kisha humwachia aende zake.

Zakia alimwuliza kwa nini asimpige tu. Yeye alilelewa akijua kwamba mjusi ndiye aliyeupuliza moto wa kumchoma Nabii Ibrahimu, na ukimuua kwa pigo moja thawabu zake ni nyingi. Ambrosi akacheka, akasema huyu wake ni wa ukoo mwingine, hakuwepo kwenye moto ule.

Lakini lilikuwako jambo lililomkosesha raha, naye alilirudia kila walipokaa kula. Msitu wa pale juu ni mmoja. Miti ni ileile, magome ni yaleyale, kivuli ni kilekile. Ameuzunguka wote. Mijusi wake amewakuta sehemu mbili tu: kwenye jabali lililo kileleni, na kwenye mti mmoja wa mtondoo kando ya njia ya mtoni. Mtondoo wa jirani yake, hatua chache tu, hauna hata mmoja. Kwa nini?

Bi Somoe, mama yake Rehani, alikuwa akila bila kuinua uso.

Baadaye, wakichambua mchele wawili peke yao, mama mkwe huyo alimweleza Zakia asichomweleza mgeni. Kwenye jabali lile, wakati wa Majimaji, askari wa Mjerumani waliwafunga watu kamba wakawachinja mmoja baada ya mwingine, na bibi yake Bi Somoe hakupita pale mpaka anakufa. Na kwenye ule mtondoo, yeye mwenyewe akiwa msichana, mchoma mkaa mmoja alimfumania mke wake na mchoma mkaa mwenzake. Alimkata huyo mwenzake kwa panga. Alimkata hata alipokwisha kufa, mpaka shina la mti likalowa juu kufikia usawa wa kifua.

"Kabla ya hapo mti ule haukuwa na mijusi," Bi Somoe alisema kwa sauti ya chini. "Walikuja baada ya damu."

Zakia aliitikia kwa adabu. Moyoni alijisemea kwamba wazee wana mambo.

Siku ya pili yake, jua likiwa utosini, alikwenda ghalani kuchukua tenga. Ghala lilisimama peke yake ng'ambo ya uwanja, la matofali, na ndilo jengo pekee pale nyumbani lililosakafiwa kwa saruji. Humo Rehani aliweka magunia, panga na salfa ya kupulizia mikorosho. Zakia alipofungua mlango alimwona mjusi ukutani, usawa wa macho yake. Rangi ya majivu. Koo la njano. Alikuwa anamtazama.

Zakia akavua kandambili, akamchapa pigo moja.

Damu ilimrukia usoni. Ilikuwa ya moto. Alijifuta, akatazama ukuta, na damu bado ilikuwa inatoka pale alipompiga. Ilishuka kwenye matofali, ikafika chini, ikatambaa sakafuni kama pamechinjwa mbuzi. Mzoga wa mjusi ulikuwa umegandamana na kandambili, hauzidi kidole cha mtoto. Zakia alikimbilia maji na majivu ya jikoni. Aliporudi na ndoo, sakafu ilikuwa kavu. Ilikuwa safi, kama iliyolambwa.

Hakumwambia mtu. Lakini siku iliyofuata aliwaona tena, wengi, hata kabla ya kufungua mlango. Walikuwa wanaingia na kutoka kwenye matundu ya hewa. Basi wakati wa chakula cha mchana, kwa nia njema kabisa, alimwambia Ambrosi kwamba asihangaike tena kupanda mlimani, mijusi wake wamemfuata nyumbani, wamejaa ghalani.

Ambrosi alifurahi mpaka akapaliwa. Mjusi yule hajapata kuonekana kwenye jengo, alisema, na angependa kwenda kutazama saa ileile.

Rehani alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha sahanini, taratibu. Akasema haitawezekana, mle ndani salfa imemwagika, itamwumiza mgeni macho na kifua. Alisema hivyo akitabasamu. Kisha akanawa, akachukua panga, akavuka uwanja, akajifungia ghalani.

Walimsikia. Pa. Pa. Pa. Panga linapiga matofali. Aliendelea mpaka adhana ya alasiri ilipolia, ndipo akatoka. Kanzu ilikuwa nyekundu kifuani na mikononi. Alioga, akabadilisha nguo, akaenda kuswali.

Jikoni, Bi Somoe alimshika Zakia mkono kwa nguvu, kucha zikamwingia.

"Ulichokisema leo usikiseme tena. Kesho akienda shamba, nenda kwenu."

Zakia aliuliza kwa nini.

"Mimi ndiye niliyemzaa," alisema mama yule.

Asubuhi Rehani alibeba bomba la kupulizia, akaondoka na njia ya shamba. Zakia alifunga nguo zake chache kwenye furushi. Alipotoka nalo, Ambrosi alikuwa amesimama mbele ya ghala na ufito wake, anachungulia kwenye ufa wa mlango kama mtoto.

"Shemeji," alinong'ona, "napiga picha moja tu, halafu natoka."

Zakia alipaswa kwenda zake. Mpaka leo anasema hivyo. Lakini tangu jana kulikuwa na swali lililomkaa kooni, na jibu lake lilikuwa nyuma ya mlango ule. Aliweka furushi chini, akafungua komeo.

Kuta hazikuonekana. Mijusi walikuwa wamezifunika kutoka juu hadi chini, wametulia tuli, wamelaliana. Alama za panga zilionekana hapa na pale, na juu ya kila alama walikuwa wengi zaidi. Vichwa vyote vilielekea upande mmoja. Vilielekea kona ya nyuma, sakafuni, penye rundo la magunia.

Ambrosi aliingia kwa kunyata. Aliinua ufito, akamvika mjusi mmoja kitanzi. Akavuta.

Kutoka chini ya saruji, mtu alikoroma.

Ilikuwa sauti ya mwanamke anayekabwa. Ambrosi aliduwaa. Uzi ulikuwa umekaza, mjusi anatapatapa hewani, na kule chini sauti ilikuwa inagwaya, inatafuta pumzi, haipati. Zakia alimpokonya ufito, akalegeza kitanzi. Mjusi akaanguka. Sauti ikakata. Halafu pale konani, chini ya magunia, mtu akavuta pumzi ndefu.

Zakia akajua Fauzia alikokwenda.

Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Rehani alikuwa amesimama pale na panga, bomba la salfa bado mgongoni. Hakuwa amefika shamba. Alimpiga Ambrosi begani, pigo la kukata tawi, na bega likafunguka. Ambrosi alianguka juu ya magunia. Rehani akainua panga tena, akalishusha, likamkata mkono aliojikingia. Damu ikatiririka sakafuni. Haikusambaa. Ilizama kwenye saruji kama maji kwenye mchanga.

Kisha Rehani aligeuka, akasukuma mlango, akatia komeo kwa ndani.

"Sogea konani, Zakia," alisema. Sauti ilikuwa ya upole, ileile ya kila siku. "Usipige kelele. Mwenzio alipiga kelele, ndiyo maana ilichukua muda."

Zakia alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alihisi mijusi wakipisha. Walikuwa baridi. Walipita mabegani mwake, shingoni, hawakumgusa kwa ubaya. Walikuwa wanashuka. Ukuta wote ulikuwa unashuka.

Wa kwanza alipanda kwenye mguu wa Rehani. Akampiga teke. Wa pili, wa tatu. Wakamfika magotini. Rehani aliinama, akapiga kwa panga. Alimpata mjusi. Alipata na paja lake.

Hakulia. Alitazama jeraha kwa mshangao, kama la mtu mwingine. Mjusi mwingine alikuwa kwenye mkono wake wa kushoto. Akampiga huyo. Panga likaingia mpaka mfupa.

"Toka, Fauzia," alisema.

Akapiga tena. Kifundo. Goti. Tumbo. Kila alipopiga, mjusi mmoja alikufa, na wengine wakapanda. Alikuwa anajikata kama mtu anayepalilia. Vipande vilianguka. Zakia alifumba macho lakini masikio hayafumbiki. Alisikia panga. Alisikia pumzi za Rehani. Alisikia, kule chini, mtu mwingine anapumua kwa pamoja naye.

Mlango ulitikisika. Bi Somoe alikuwa anaupiga kwa mchi wa kinu, anaita majirani. Komeo likang'oka. Mwanga uliingia, na Zakia akafumbua macho.

Mjusi mmoja tu alikuwa amebaki, ametulia kwenye koo la Rehani, anapanda na kushuka na mate aliyokuwa akimeza. Rehani alimtazama mama yake. Akainua panga, akalilenga vizuri. Bi Somoe alimwita jina lake la utotoni.

Akapiga.

Majirani walipoingia hawakuona mjusi hata mmoja. Walimkuta Ambrosi anapumua, wakamfunga kwa shuka, wakampakia kwenye gari la korosho wakampeleka hospitali. Alipona, ila mkono ule hauinuki tena. Kuhusu mijusi, aliwaambia wakubwa wake kwamba wako sehemu mbili tu. Ya tatu hakuitaja.

Polisi walipofika jioni, Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyewaonyesha pa kuchimba. Alisema usiku ule Fauzia alipotoweka alisikia mayowe, akajifunika shuka kichwani. Vijana walileta sururu. Saruji ilikuwa nzima, haina ufa, nene ya kumtoa mtu jasho, na walipoipasua ilivunjika kwa mabamba kama mwamba. Chini yake alikuwako Fauzia. Kamba ilikuwa bado kwenye mifupa ya shingo. Mapaja yalikuwa yamekatwa ili aenee kwenye shimo.

Mifupa ilikuwa imefunikwa khanga kuanzia kichwani hadi miguuni, imetandazwa vizuri, kama anavyofunikwa mgonjwa aliyelala. Askari aliikung'uta mchanga, akasoma jina la khanga kwa sauti: UKIONDOKA NIAGE.

Wanawake wote wakamgeukia Zakia. Rangi ilikuwa ileile, mawaridi ni yaleyale, na jina lilikuwa lilelile la khanga aliyojifunga kiunoni. Aliinunua Lindi mjini Idi iliyopita. Alijifunga kipande kimoja, na cha pili alikiweka ndani ya sanduku lake la bati, hajakishona pindo. Ile ya shimoni nayo haikuwa na pindo. Ilikuwa bado ngumu kwa wanga wa dukani.

Zakia aliingia ndani, Bi Somoe nyuma yake. Sanduku lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, haujawahi kutoka. Alifungua. Mashuka yalikuwepo, gauni la harusi lilikuwepo, kila kitu kimekunjwa alivyokikunja. Katikati, pale ilipokuwa khanga, palibaki nafasi yenye umbo lake. Zakia akapitisha kiganja.

Kilirudi kimejaa vumbi la saruji, bichi, lenye unyevu, kama lililoachwa na mkono uliotoka chini ya sakafu ya ghala.