Weupe wa Jani Hai

Mama mkwe alitaka picha moja tu. Picha ya binti yake, ya kutundika sebuleni, kubwa kiasi cha mgeni kuiona akiwa bado mlangoni. "Baba, hata kama ni ya msibani, niletee," alimwambia mkwewe kwenye simu. "Mradi ni yeye." Basi jua lilipoanza kushuka, mpiga picha akafunga nyumba, akachukua chupa yake ya maji, akaelekea studio kwa miguu.

Chupa ya maji, ndiyo. Tangu amzike mkewe hakuwa na hamu ya chakula. Majirani walileta sahani zimefunikwa vizuri, wakirudi wanakuta sahani za jana hazijaguswa. Alikunywa maji tu, na kukaa dirishani juani kutwa nzima, kivuli kikimfikia anasogeza kiti. Na hakulia. Hapo ndipo watu walipoanza kunong'ona, maana wale wawili walipendana mpaka wakawa wanataniwa. "Machozi yamemgandia," walisema. "Siku yakiachia, tutatafuta mitumbwi." Yeye mwenyewe alikuwa anaingoja siku hiyo, na haikuja. Ganzi tupu. Ungemfinya asingesema hata ai.

Mtaani walimwita Bwana Theluji. Kisa cha jina ni kamera. Alikuwa nazo mbili, pacha kabisa. Moja ya harusi na pasipoti. Ya pili aliipeleka kwa fundi, fundi akaifungua tumbo, akatoa kile kioo chembamba kinachokaa mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, na kuzuia infraredi, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Ukishakitoa hicho, unafunga mbele ya lenzi filta nyeusi tii. Ichungulie kwa jicho, huoni kitu. Kamera inaona. Na inachokiona si dunia hii uliyoizoea. Anga linakuwa jeusi. Ngozi ya mtu inakuwa laini, haina hata chunusi, na mishipa ya damu inajitokeza chini yake imechoreka kama kwa wino. Na majani... majani mabichi yanawaka meupe pe. Mti mzima, uwanja mzima wa nyasi. Watu waliziona picha hizo wakauliza theluji imeanguka lini.

Lakini liwe jani hai. Jani la plastiki linatoka jeusi. Kuna mwenye hoteli mmoja aliapa mbele za Mungu kwamba bustani yake haina hata ua moja la bandia, picha zikatoka, nusu ya bustani masizi matupu. Mke wa mpiga picha alicheka mpaka akakaa chini. "Hii haihongeki," alisema akiipapasa kamera. Yeye ndiye aliyemwagilia mmea wa kwenye ndoo pale ndani ya studio. Ulikuwa mmea wa kazi. Kabla ya kupiga chochote, waliuelekezea kamera kwanza, ili kamera ijue weupe ni upi.

Alipofika, mlango ulikuwa wazi na taa haijawashwa. Kioo cha kompyuta tu ndicho kilichotoa mwanga. Mbele yake alikaa shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akisafisha na kuchapisha picha zao miaka yote.

Palinuka kitu kibichi kilichokatwa. Utomvu. Akadhani ni ule mmea.

"Shemeji, umekuja," alisema bila kugeuka.

"Mama anataka picha."

"Najua. Kaa kwanza."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, mgongo kwenye dirisha lililo wazi. Shemeji alikuwa anatafuna ukucha, tabia aliyoiacha tangu aolewe.

"Siku ile ya maziko nilichukua kamera siyo," alisema kwa sauti ya chini. "Ile tepu nyekundu mnayoibandika kuitambulisha ilikuwa imebanduka. Nikaona picha zinatoka nyeusi na nyeupe, nikajua umeiweka hivyo kwa ajili ya msiba. Na mimi nilikuwa nalia, shemeji. Sikuangalia filta."

"Basi zimetoka za infraredi. Picha ni picha."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Angalia mwenyewe..."

Picha ya kwanza ilikuwa ya asubuhi, uani. Wanaume kwenye mabenchi, nyasi nyeupe chini ya miguu yao. Kila uso na mishipa yake. Bwana Theluji alijiona katikati ya ndugu zake, mshipa wa kipajini umegawanyika mara mbili, macho meusi yamejaa maji. Kumbe alikuwa analia. Alijitazama kama anatazama mtu wa mtaa mwingine.

Picha ya pili, jeneza limefunguliwa ili watu waage.

Mashada ya plastiki pembeni, meusi. Mikono ya mama mkwe imeng'ang'ania ukingo, mishipa imetapakaa. Na ndani ya jeneza...

Weupe pe.

Haukuwa weupe wa ngozi, ule wa maziwa uliopoa. Ulikuwa weupe wa nyasi. Ulikuwa unawaka. Na juu yake hapakuwa na mshipa hata mmoja, bali mistari iliyonyooka, sambamba, kutoka kipajini kushuka mpaka kidevuni, inapita juu ya macho na mdomo bila kujali kwamba kuna macho na mdomo.

"Nimejaribu kila kitu," shemeji alinong'ona. "Nikasema labda lenzi. Labda mwanga. Lakini mama yupo hapo hapo, picha hiyo hiyo, ametoka mtu."

"Huo ni mgomba," alisema Bwana Theluji.

Aliyasema maneno hayo kama anavyotaja saizi ya picha. Bibi zao walikuwa wakiwaambia: mchawi akimtaka mtu hamuui, anamwita. Ukiitika, umekwenda. Anakuchukua mzima, na mahali pako anaacha shina la mgomba limevishwa sura yako. Hilo ndilo linalougua, ndilo linalokata roho, ndilo mnaloliosha na kulizika. Shina likishaoza, mwenyewe harudi tena. Utotoni walikuwa wakicheka, kisha wanagombania kulala katikati.

"Kwa hiyo dada yangu hakufa," alisema shemeji.

Bwana Theluji alijua kwamba sasa moyo ulipaswa kumlipuka. Mkewe yuko hai, yuko mahali, huenda anateseka. Aliingojea furaha, akaingojea hofu, haikuja hata moja. Alichosikia ni kiu.

"Nyingine," akasema.

"Shemeji, hizi zatosha. Twende kwa mama kwanza."

"Weka nyingine."

Makaburini. Watu wamelizunguka shimo, nyuma yao uzio na miti inayowaka. Na pale ukingoni kabisa, nyuma ya watu wote, alisimama mwanamke pekupeku, na gauni la hospitali. Mishipa shingoni. Mishipa mikononi. Mtu, kama watu wengine. Alikuwa anaitazama kamera.

Siku ile hakuna aliyemwona. Walipita karibu yake na mabeleshi.

"Ni yeye," alisema Bwana Theluji. Angalau hilo alilijua kwa uhakika. Mkewe akiudhika alikuwa na namna ya kuinamisha kichwa kushoto, na pale aliinamisha hivyo.

Mtu alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Mkono wa mtu mzima sana, kucha ya dole gumba imeachwa ikarefuka. Wa nani? Picha ilikatia hapo. Mkono tu.

"Umewahi kuiona kucha hiyo?"

Shemeji alitikisa kichwa. Alitikisa haraka mno, au labda ni woga. Kisha akasogeza kiganja chake kufunika upande wa pili wa kioo.

"Unaficha nini?"

"Sifichi."

"Ondoa mkono, shemeji."

Akauondoa polepole.

Ilikuwa picha ya mwisho, watu wanatupa udongo. Mume wa marehemu yuko mbele, konzi ya udongo mkononi, uso mkavu, watu wawili wamemshika mabega asianguke. Walijisumbua bure, hakuwa na mpango wa kuanguka. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko nyasi. Ule mshipa wa kipajini haukuwepo. Ilikuwepo mistari, imenyooka, kutoka kwenye nywele kushuka mpaka kolani.

Na ukingoni, karibu na yule mwanamke, sasa walikuwa wawili. Mwanamume pekupeku, shati lile lile, amemshika mkewe mkono. Alikuwa analia. Mdomo wazi, kamasi, machozi yanang'aa shavuni, analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Kwa hiyo machozi yalikuwepo. Yalikuwa kwa mwenyewe.

Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Nje, mtu alipita na baiskeli yenye mnyororo mkavu, akatokomea.

"Kati ya picha ya asubuhi na hii," aliuliza shemeji, "ulikwenda wapi?"

Akafikiri. "Nilikwenda kunawa uso. Nyuma ya nyumba, kwenye tangi."

"Peke yako?"

"Aliniita." Lilimjia taratibu, kama jambo alilosimuliwa. "Nimeinamia maji, nikasikia sauti yake nyuma yangu, karibu kabisa. Ile sauti ya kuniita nikaonje mchuzi. Nikasema naam... kabla sijakumbuka kwamba yeye yuko kwenye jeneza."

"Ukaitika."

"Miaka yote ananiita na mimi naitika. Ningejuaje?"

Shemeji aliinuka. Kazi anaijua. Taa za dari za siku hizi hazina mwanga huo wa infraredi, kwa hiyo alichomeka ile balbu ya zamani ya waya, inayounguza ukiigusa. Akaichukua ile kamera, akaifunga filta nyeusi. Akauelekezea kwanza mmea wa ndoo, akapiga, kamera ikajua weupe ni upi. Kisha akasema, "Nipe mkono."

Akampa. Kamera ikalia, *chaki*.

Walitazama kioo kidogo cha nyuma pamoja, vichwa vimekaribiana. Upande mmoja kidole cha shemeji, kimetoka ngozi ya mtu, mshipa wa bluu wa mwanamke anayefua sana umetoka mweusi. Upande wa pili mkono unaowaka. Hakuna mshipa. Mistari tu, na kwenye ncha za vidole madoa ya kijivu yaliyoanza kupanda.

Alizileta ncha za vidole karibu na balbu. Zilikuwa kahawia, kavu pembeni. Alikuwa ameziona tangu juzi akadhani ni kutokujipaka mafuta. Akazinusa. Ile harufu ya utomvu haikuwa ya mmea.

"Shemeji," mwanamke yule alinong'ona, na sasa alikuwa analia kimya kimya. "Ni wewe?"

Swali gumu hilo. Alikumbuka harusi yake. Alikumbuka namba ya simu ya mwenye hoteli. "Sijui," alisema. "Nadhani mimi ni hicho kilichobaki. Lakini yule anayelia pale, mhurumie yule."

"Shina la dada limo ardhini. La kwako bado limesimama."

"Linanyauka."

"Lakini bado." Akajipangusa uso kwa mkono wa gauni. "Kukipambazuka naenda kule makaburini na kamera hii. Macho yetu hayawaoni, yenyewe inawaona. Nitawapiga picha mpaka nijue wamepelekwa upande gani, na huyo mwenye kucha ni nani. Sitamwambia mama. Sitamwambia mtu."

"Sikiliza," alisema Bwana Theluji. Ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito. "Ukiitwa, usiitike. Hata kama sauti unaijua. Geuka kwanza, umwone anayekuita."

"Nimesikia."

"Hata kama ni dada yako."

"Hasa kama ni dada yangu. Nimesikia, shemeji."

Kweli alikuwa amesikia. Alikuwa mwanamke makini. Aligeukia meza, akaanza kufungua filta taratibu asiiache na alama za vidole, akaitafutia kile kitambaa chake. Kwenye kompyuta aliacha wale wawili wa ukingoni, amewakuza, mashine imeshaanza kuwachapisha kwa ajili ya sebule ya mama. Karatasi ilikuwa inatoka kidogo kidogo. Nyayo kwanza.

Bila kuinuka kitini, Bwana Theluji aliichukua jagi ya kumwagilia mmea ulio kando yake. Chupa yake ilikuwa imekwisha zamani. Aliumwagia mmea kidogo, kwa adabu, mengine akajimiminia mdomoni.

Nyuma yake, nje ya dirisha, karibu kabisa, mtu akaita.

"Shemeji."

Bwana Theluji aliitambua sauti. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya zamani, yenye joto ndani yake. Aliyekuwa mezani alikuwa amempa mgongo na filta mikononi, na kwake sauti ilitoka pale pale alipomwacha shemeji yake ameketi. Bwana Theluji alitaka kumeza aseme usiitike. Maji hayakushuka. Alitaka kuinuka, na miguu ikakaa chini kama imepandwa.

"Abee," akaitika shemeji, kama alivyolelewa.

Kisha akageuka. Akamkuta ameketi na jagi mkononi, mashavu yamejaa maji.