Mwendo wa Fundi

Mchana ule duka la fotokopi lilijaa mpaka mlangoni. Mashine mbili zilikuwa zinanguruma, watu wanasukumana kwa viwiko, na mtu alipoigeuza feni ghafla, karatasi zote za kaunta ziliruka zikatua sakafuni. Dada mmoja, fundi cherehani wa sare za shule, aliinama kuokota vipimo vyake vya kola. Kando yake aliinama mwanamume mrefu wa shati jeupe, mikono ya shati imechafuka kwa penseli. Vidole vyao vilikutana juu ya karatasi moja. Wakaombana radhi, wakaachana.

Alipofika kazini ndipo Fundi alipokuta karatasi kumi na nane zisizo zake, kila moja ina duara moja tu. Pembeni mwa ile ya kwanza kulikuwa na namba ya simu. Akapiga.

"Nina karatasi zako," alisema. "Mbona umechora mpira mmoja mara kumi na nane? Ulikuwa hujaridhika nao?"

Upande wa pili ulicheka taratibu. "Zishike kwa pembe, uziachie haraka haraka kwa kidole gumba."

Akafanya hivyo. Mpira ukaanguka, ukagonga chini, ukaruka. Alirudia mara tatu kabla ya kukumbuka kwamba simu bado iko sikioni.

"Unaanguka kama tofali," alisema. "Mpira ukigonga chini hubonyea kidogo. Huu haubonyei."

Kisha yule mtu akamwambia kwamba hiyo ni kazi ya mwanafunzi wake, na kwamba yeye hufundisha kuchora katuni kila Jumamosi asubuhi, ghorofani juu ya duka la viatu. Kama Fundi ana macho ya namna hiyo, aje.

Fundi alikwenda. Alivaa gauni la kijani lililofika chini ya vifundo vya miguu, kama magauni yake yote. Akiwa na miaka tisa alianguka kwenye ngazi, mfupa wa mguu ukavunjika na kuunga vibaya, na tangu hapo mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Hakupenda kutazamwa akitembea. Kwa hiyo alifika darasani kabla ya wote na kutoka baada ya wote, na mtu pekee aliyemwona akipanda na kushuka ngazi zile alikuwa Mwalimu.

Alijifunza haraka. Alijifunza kwamba mtu anayetaka kuruka lazima kwanza achuchumae, la sivyo mtazamaji haamini kwamba ameruka. Kwamba michoro ikikaribiana, tendo linakwenda polepole. Ikiachana, linakwenda kasi. Kwamba mkono haukati hewa kama rula, bali hupita kwa upinde. Mwalimu alichora mikao mikuu, mwanzo na mwisho wa tendo, naye akajaza picha za katikati, karatasi juu ya karatasi, kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake.

"Uzito, Fundi," Mwalimu alikuwa akimwambia. "Huyo mzee wako amebeba gunia la pamba au la mchanga?"

"La mchanga. Ila hataki watu wajue kwamba amechoka."

"Kama mtu ninayemfahamu," alisema Mwalimu, na macho yao yalikaa pamoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Simu zikawa za kila jioni. Shangazi yake Fundi, aliyemlea, alianza kukohoa kwa makusudi kila simu ilipolia. Mwezi wa tatu Mwalimu alimshika mkono kwenye ngazi na kumwambia kwamba anampenda, naye akajibu kwamba alishaanza kudhani atasubiri mpaka uzeeni.

Kisha ikaja Jumamosi ya kuonyesha filamu. Ilikuwa katuni ya dakika nne, kazi ya darasa zima, na sehemu ya mwisho aliichora Mwalimu peke yake bila kumwonyesha mtu. Mwanamke alitokea ukutani akiwa na ndoo. Alichechemea. Bega la kushoto lilishuka kila hatua, kichwa kimeinama, macho chini.

Wanafunzi wawili wa nyuma walicheka. Hawakuwa na ubaya. Hawakumjua mwanamke yule. Fundi alimjua. Alichukua mkoba wake, na kwa mara ya kwanza akatoka watu wote wakiwa wameketi, huku kicheko cha nyuma kikikatika ghafla.

Kwa siku tisa hakupokea simu. Siku ya kumi simu ilipokelewa na shangazi. Alimwambia Mwalimu kwamba mtoto wake si kitabu cha mazoezi, akakata.

Mwalimu alikuja mwenyewe mahali pa kazi, saa nne asubuhi, bahasha kubwa kwapani. Fundi hakumpa kiti. Aliendelea kukanyaga cherehani.

"Nilitaka kuchora kitu cha kweli," alisema Mwalimu.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa ungekataa."

Cherehani ilisimama. "Kwa hiyo jibu ulilijua. Ukaliruka. Umenipenda mimi, au umependa mguu wangu wa kuchorea?"

Mwalimu aliweka bahasha juu ya vitambaa. Michoro yote tisini na sita imo humo, alisema, na ile sehemu ameifuta kwenye filamu. Ijumaa inatakiwa kwenye maonyesho, nayo itakwenda bila mwisho. "Ichane ukitaka. Nilikukosea." Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Fundi aliitoa michoro ili aichane. Ila mkono ulishazoea. Ukaishika kwa pembe, ukaiachia. Mwanamke akatembea. Akamtazama mara mbili, tatu, na hasira yake ikageuka hasira ya namna nyingine, ya fundi aliyeona mshono uliopinda. Huyu hakuwa yeye. Huyu alikuwa mtu wa kuhurumiwa.

Akaenda mbele ya kioo kirefu cha wateja, akapandisha gauni mpaka magotini, akatembea. Miaka yote hiyo hakuwahi kujitazama. Shangazi aliingia na kumkuta hivyo, akavuta kiti, akakaa.

"Shangazi, kichwa changu huwa kinainama?"

"Tangu lini?" Shangazi alishangaa. "Wewe ungekuwa unainamisha kichwa, mbona tungepumzika."

Akachora siku mbili. Nyonga ndiyo inaanza, kabla ya mguu. Mguu mfupi unakaa ardhini muda kidogo tu, kwa hiyo michoro yake ni michache. Mrefu unachukua muda wake. Maji ya ndoo yanachelewa kuufuata mwili. Kichwa kimenyooka, macho mbele.

Alhamisi mchana alipanda ngazi darasa likiwa limejaa wanafunzi waliokuja kuandaa maonyesho. Alipita katikati ya meza zote, mguu wake ukigonga sakafu ya mbao kwa sauti yake ileile, akaweka michoro mbele ya Mwalimu.

Mwalimu aliipeperusha. Alirudia. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa.

"Nilichora nilivyodhani unajisikia," alisema, na kila mtu alimsikia. "Nisamehe."

"Jina langu liandikwe kwenye filamu. Na siku nyingine unauliza kwanza."

"Basi naomba kuuliza sasa hivi." Alisimama, penseli ikamdondoka. "Nije nyumbani kwenu, nizungumze na shangazi? Nikuoe?"

Fundi alimwacha asimame hivyo, akimtazama bila tabasamu, mpaka yule mtu mzima akainama kuokota penseli yake.

"Jumapili," alisema. "Uje na mtu mzima wa kukusemea, maana peke yako utashindwa. Shangazi bado hajakusamehe."

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaomba kifutio, kwa sababu filamu ilikuwa inatakiwa kesho na kivuli cha ndoo kilikuwa hakijakamilika.